Kati ya Ndege Mbili

Safari ya angani ina sehemu mbili, sehemu ya kuruka na sehemu ya kungoja. Ile ya kuruka ndiyo wasafiri wanayopenda kuihadithia warudipo kwao: mawingu yaliyotandikwa chini ya miguu, chakula katika visahani vidogo, na jua linalochomoza dirishani. Sehemu ya kungoja haina msimulizi. Lakini abiria hapotei angani, msomaji wangu. Angani amefungwa mkanda, naye anachukuliwa na watu waijuao njia. Abiria hupotea chini, katika zile saa nne au kumi anazokaa katika kiwanja cha ndege cha nchi isiyo yake wala siyo ile aiendeayo, na katika saa ya kwanza ya kuingia mji mgeni. Ni juu ya saa hizo ninataka kuzungumza nawe.

Yamkini utasema, "Mimi ni mtoto wa Vanga, nina haja gani na Ujerumani?" Haja ipo, tena ni ya zamani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi kwa karatasi, mstari wao ulianzia baharini, penye mlango wa mto Umba, hapa hapa petu, kisha ukaelekea bara. Upande wa kusini wa mstari ule watu walijifunza kuhesabu fedha kwa hela na kupeleka watoto shule. Maneno hayo mawili yametoka katika Kijerumani, nasi wa upande wa kaskazini tunayatumia mpaka leo pasipo kuulizana asili yake. Baadaye Wajerumani walikuja kwa njia nyingine: walikuja Diani kuota jua, na vijana wengi wa Kwale wakaipata lugha yao mchangani bila mwalimu wala kitabu. Sasa mkondo umegeuka. Tarehe 13 Septemba 2024 serikali ya Kenya na ya Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mapatano ya kuwafungulia Wakenya njia ya kwenda kujifunza kazi na kufanya kazi huko. Basi si ajabu kwamba mmoja wenu, asomaye ukurasa huu darasani, atakuwa na pasipoti mfukoni kabla ndevu zake hazijakomaa.

Na tiketi ya kijana wa kwetu si mali ya mtu mmoja. Ndani yake mna mbuzi wa mjomba, mna fedha za chama cha akina mama, mna samaki wa msimu mzima wa kaskazi. Ndege ikimwacha yeye, imewaacha wengi.

Jambo la kwanza, kwa hiyo, hutokea kabla mtu hajatoka nyumbani, nalo ni hiyo tiketi. Ziko nyakati ambapo ndege huruka kutoka Mombasa moja kwa moja hadi Frankfurt, lakini wengi wetu hupitia mji wa kati, mathalan Addis Ababa au Istanbul, kwa sababu ya bei. Safari ya ndege mbili yaweza kuandikwa katika tiketi moja, au katika tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Kwa macho ni mamoja. Kwa hukumu si mamoja. Tiketi ikiwa moja, na ndege ya kwanza ikachelewa hata ya pili ikaondoka, ni juu ya shirika kukutafutia ndege nyingine. Na mzigo wako mkubwa aghalabu huandikwa tangu Mombasa hadi mwisho wa safari. Tiketi zikiwa mbili, shirika la pili halina habari nawe. Litasema hukufika, na fedha zimekwenda. Tena huenda ikakulazimu kutoka nje kuuchukua mzigo na kuingia upya, katika nchi ambayo huna ruhusa ya kuikanyaga. Watu husema tiketi mbili ni rahisi. Mimi siziiti rahisi.

Mzigo ukipokewa Mombasa, soma karatasi inayobandikwa juu yake. MBA ni Mombasa, ADD ni Addis Ababa, FRA ni Frankfurt. Karatasi ikiishia ADD ilhali wewe waenda FRA, uliza pale pale, kabla mzigo haujamezwa na ule mkanda. Hakikisha pia ni Frankfurt ipi. Uko mji mwingine wa jina hilo juu ya mto Oder, mpakani mwa Poland. Na kiko kiwanja kiitwacho Hahn, kilichowahi kutangazwa kwa jina la Frankfurt ingawa kiko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Frankfurt ninayoizungumzia mimi ni ile ya mto Main.

Jambo la pili ni saa, na hapa nitakaa kidogo.

Sisi huhesabu saa kwa jua. Likichomoza twaanza, na muda wa saa moja ukipita twasema ni saa moja. Tiketi huanza kuhesabu katikati ya usiku, saa sita yetu, tena haisemi asubuhi wala jioni, bali huendelea mpaka 23 na dakika 59. Mwanafunzi ajua kugeuza. Lakini akiwa amechoka, ugenini, katikati ya usiku, hesabu humkimbia. Shika njia hii. Ondoa 6. Kikibaki zaidi ya 12, ondoa 12 tena. Namba ikiwa ndogo hata 6 haiondoki, basi ongeza 6. Kwa hiyo 15:20 ni saa tisa na dakika 20 alasiri. 23:10 ni saa tano na dakika 10 usiku. 02:40 ni saa nane na dakika 40 usiku. Andika kwa kalamu, saa yetu chini ya saa yao, ungali nyumbani na akili imetulia.

Mtego mkubwa umo katika tarehe. Tiketi ikisema Jumanne saa 00:35, ni usiku upi huo? Kijana aliyesoma huuacha mchana wa Jumanne upite, akala chakula cha jioni, akaaga watu, akaja kiwanjani usiku. Ndege imekwisha kuondoka tangu jana. Ndege hiyo ni ya usiku wa kuamkia Jumanne. Jumatatu, baada ya sala ya magharibi, yapasa uwe njiani kwenda kiwanjani kama hujafika. Katika jambo hili wazee wetu wametupita. Kwao siku huanza jua linapokuchwa, na usiku hutangulia mchana wake. Ukimtajia mzee wa Vanga usiku wa Jumanne, yeye amekwisha kujua ni usiku gani. Msomee mzee tiketi yako, umsikilize atakavyokujibu.

Jambo la kupendeza ni kwamba Waethiopia nao huhesabu saa kwa jua kama sisi. Mwuza kahawa wa Addis Ababa akikuambia katika lugha yoyote kwamba duka hufungwa saa tano, huenda ni tano yetu. Ila matangazo ya ndege, huko kama kwingineko, hufuata hesabu ya tiketi. Ethiopia na Kenya saa zao ni sawasawa, huna haja ya kugusa saa yako. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi, na kwa saa moja wakati wa joto, kwa kuwa Wajerumani husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tena wana usemi wao. Mjerumani akikuagiza mkutane "halb acht", maneno ambayo ukiyafasiri moja moja ni nusu na nane, hana maana ya nane na nusu. Ana maana ya nusu ya kuiendea nane, yaani 7:30. Kwetu ni saa moja u nusu. Ukimfikia saa moja baadaye hutamkuta.

Jambo la tatu ni vifurushi, nalo ni zito kwetu kuliko mahali pengine.

Habari ya safari ikienea mjini, jioni ya mwisho huja watu. Huja shangazi na chupa ya achari ya embe. Huja jirani na furushi lililoshonwa kwa uzi, anasema, "Mwanangu, nipelekee hii kwa nduguyo, ni kitu kidogo tu." Kukataa ni aibu, nasi twajua amana ilivyo na haki yake. Lakini afisa wa forodha hamjui shangazi. Atauliza, "Mzigo huu ni wako? Umeupanga mwenyewe?" Nawe ukiwa umebeba usichokiona, kusema kweli ni matata na kusema uongo ni matata makubwa zaidi. Wako watu walio magerezani katika nchi za watu kwa furushi la rafiki. Kwa hiyo napendekeza desturi hii: pokea kila kifurushi mbele ya mwenyewe, kifungue mbele ya mwenyewe, ukipange upya kwa mkono wako. Sema, "Shangazi, niwie radhi, si kwamba sikuamini. Nitaulizwa, nami nataka nijue la kujibu." Shangazi mwenye nia njema atakusaidia kufungua. Akitokea mtu wa kuchukia na kuondoka na furushi lake, mwache aende nalo.

Chakula nacho kina sheria zake. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu abiria atokaye nje kuingia na nyama wala kitu cha maziwa. Hivyo nyama kavu na samli vibaki nyumbani. Samaki huruhusiwa kwa matumizi ya mtu mwenyewe, mpaka kilo 20, basi ng'onda na kamba wakavu wana njia. Matunda mengi hutakiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache yaliyosamehewa, nayo ni nanasi, ndizi, tende, nazi na duriani. Tazama mambo: nazi ya Vanga yapita, embe la Vanga halipiti. Achari ya shangazi iingie katika mzigo mkubwa, kwa sababu mkononi hupitishi chombo cha majimaji kinachozidi mililita 100, na hata Addis utakaguliwa upya. Miraa, inayouzwa hapa barabarani mchana kweupe, huko huhesabiwa na sheria miongoni mwa madawa ya kulevya. Magamba ya kasa na vipande vya matumbawe visikutamanishe kamwe, hata kama umeviokota mwenyewe.

Juu ya njia ya kwenda kiwanjani sina mengi. Kutoka Vanga hadi kiwanja cha Moi, Mombasa, ni zaidi ya kilomita 100 kwa kupitia Lunga Lunga, Msambweni na Ukunda. Zamani mtu alihesabu safari hiyo kwa kivuko cha Likoni, na kivuko hakikujua tiketi ya mtu. Siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu, inayokatiza juu ya madaraja mpaka Miritini, upande ule ule wa kiwanja. Hata hivyo usiifanye hesabu yako nyembamba. Kukaa saa tatu juu ya kiti kigumu hakujamwua mtu.

Sasa umefika Addis Ababa, baada ya mwendo wa zaidi ya saa mbili. Utakutana kwanza na baridi. Kiwanja cha Bole kiko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, nawe umetoka mji ambao bahari huingia mpaka vichochoroni wakati wa bamvua. Sweta iwe mkononi, si katika mzigo mkubwa. Fuata alama za abiria wanaoendelea na safari, pita ukaguzi, kisha tafuta ubao wa safari. Usome namba ya ndege yako na mlango wake. Nenda ukauone mlango huo kwa macho yako kabla ya kula, kabla ya kusali, kabla ya kutazama maduka. Ukisha kuujua uliko na ni mwendo wa dakika ngapi, hapo waweza kukaa. Kila nusu saa inuka uutazame ubao tena, kwa maana milango hubadilishwa, wala si kila badiliko hutangazwa kwa sauti. Simu yako ipe umeme mapema. Chaja zetu zina meno matatu ya bapa, na matundu ya Ujerumani ni mawili ya duara. Adapta hununuliwa Ukunda kwa fedha kidogo, na kiwanjani kwa fedha nyingi. Lakini anwani ya uendako, jina la mwenyeji na namba yake, viandikwe katika karatasi pia. Karatasi haiishiwi na umeme.

Kungoja kukiwa kurefu sana, na tiketi ni moja, mashirika mengine humpa abiria chumba cha kulala. Hilo huulizwa siku ya kununua tiketi, si usiku wa manane mbele ya dirisha lililofungwa. Na usifuate bila kufikiri shauri la mwenzako mwenye pasipoti ya nchi nyingine. Raia wa Somalia, Eritrea, Ethiopia na Kongo ya Kinshasa, kwa mfano, kwa kawaida hutakiwa viza hata ya kukaa tu katika chumba cha kungojea cha kiwanja cha Ujerumani, pasipo kutia mguu nje. Kila pasipoti ina sheria yake.

Usiku mmoja katika ukumbi huo nilimkuta mama mmoja, mtu mzima, amejifunga leso mbili juu ya sweta ya kiume. Kwa leso nilijua ni wa kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Vanga."

"Kumbe jirani! Mimi ni wa Msambweni. Naenda kumwona mjukuu, amezaliwa huko kwenye barafu."

Hakujua kusoma herufi za Kizungu, lakini Kurani aliihitimu tangu utotoni. Mjukuu wake mwingine alimwandikia neno moja kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi: FRANKFURT. Naye, kwa kuwa macho yake yamezoea kusoma kutoka kuume, alianzia mwisho. "Natafuta neno lenye mlingoti na foromali upande huu," akaniambia, akionyesha ile T. Tulipousimamia ubao, wenye majina ya miji yasiyopungua thelathini, mimi nilikuwa ningali nikishuka mstari kwa mstari, naye amekwisha kuliona. Halafu hakuridhika. Akamwendea mlinzi aliyevaa sare, akamwonyesha boksi lake na kadi ya kupandia. Mlinzi akamwonyesha njia kwa kidole. Baada ya hatua hamsini akamwendea mwingine, akafanya vile vile. Nikamwuliza kwa nini auliza mara mbili. "Wa kwanza kanionyesha kona," akasema. "Kona si mlango."

Nimesafiri na wasomi waliokuwa wakiona haya kuuliza hata mara moja. Walitembea huku na huku na simu zao wakijifanya wanazungumza na mtu.

Kungoja kati ya safari mbili si jambo jipya kwa watu wa pwani, tena wako waliongoja kuliko sisi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja, aliondoka kwao mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza akashushwa Aden. Hapo alikaa miezi mingi akimngojea Heinrich Ruete, Mjerumani aliyekuwa mfanyabiashara Unguja, amalize shughuli zake na kumfuata. Walioana huko Aden mwaka 1867, wakaenda Hamburg. Kitabu cha maisha yake kilichapwa mwaka 1886, mwaka ule ule wa mstari wa mto Umba, naye alifariki katika mji wa Jena mwaka 1924. Ukichoshwa na saa zako sita, mkumbuke bibi huyo, aliyengoja ugenini pasipo tiketi wala ubao wa kumwambia lini.

Ndege itokayo Addis usiku hufika Frankfurt alfajiri au asubuhi. Milango ikifunguliwa, watu watakimbia. Wewe tembea, lakini usikae nyuma kabisa. Kwenye ukaguzi wa pasipoti ziko safu mbili, ya raia wa Ulaya na ya watu wengine. Maswali ya afisa huwa mafupi: waja kufanya nini, utakaa wapi, siku ngapi, nani atakugharimia. Jibu kwa ufupi na kwa kweli, na karatasi ziwe mkononi: barua ya mwenyeji au ya chuo, tiketi ya kurudia ikiwa unatembelea tu, na bima ya afya, ambayo kwa viza ya muda mfupi yapasa kufikia euro 30,000. Viza hiyo haimruhusu mtu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kumwandika mgeni wa muda mfupi katika daftari la kompyuta, kwa picha na alama za vidole, anapoingia na anapotoka. Basi anayezidisha siku hujulikana pasipo mtu kuhesabu mihuri. Ikiwa waendelea mpaka Hamburg au Munich, pasipoti yako hukaguliwa hapa hapa Frankfurt, maana hapa ndipo unapoingia. Kwa hiyo kati ya ndege hizo mbili jipe saa tatu, si saa moja. Na ikiwa una viza ya kuingia na saa saba mkononi, waweza hata kwenda mjini ukautazama mto Main na majumba yake marefu, ukarudi kabla ya ndege yako. Bila viza ya kuingia, mji utauona dirishani tu.

Kuingia mjini si kazi ngumu. Chini ya jengo la kwanza la abiria iko steshini ya treni za karibu, iitwayo Regionalbahnhof. Iko na nyingine ya treni za mbali; hiyo siyo yako leo. Treni zako ni S8 na S9, nazo huenda pande mbili. Zilizoandikwa Offenbach au Hanau hupita mjini. Zilizoandikwa Wiesbaden zitakutupa upande mwingine kabisa, mbali na mji. Shuka Hauptbahnhof, yaani steshini kuu, mwendo wa dakika 10 hadi 15. Nauli katika miaka hii imekuwa kati ya euro 6 na 7, nawe utainunua katika mashine kabla ya kupanda.

Hapo juu ya tiketi nakusihi sana. Hakuna lango la kukuzuia, hakuna utingo wa kupiga bodi na kudai nauli. Utaingia ndani ya treni kama uingiavyo msikitini, na waweza kudhani ni bure, au kwamba watu hawa ni wajinga. Si wajinga. Wakaguzi huingia wakiwa wamevaa nguo kama za watu wengine, wakatoa vitambulisho vyao treni ikisha kuondoka, na asiye na tiketi hutozwa euro 60. Kusema kwamba wewe ni mgeni hakupunguzi hata senti. Ikiwa umekwenda kukaa, iko tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, ya treni za karibu na mabasi katika nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda kuwa 58 Januari 2025, na haikuishia hapo. Ni nafuu kwa mtu anayesafiri kila siku, ila ni mkataba unaojirudia kila mwezi mpaka wewe mwenyewe uukate, na huukati mwezi umekwisha. Huukata kabla ya siku ya kumi.

Steshini kuu ya Frankfurt ilifunguliwa mwaka 1888, nayo ni nzuri kuitazama, paa lake la chuma limepinda juu ya treni kama mbavu za jahazi kubwa. Itazame ukiwa ndani. Mitaa iliyo mbele yake ina watu waliotekwa na madawa ya kulevya, walalao vibarazani mchana na usiku. Aghalabu hawana haja nawe, lakini si mahali pa kusimama na masanduku mawili ukiifungua pochi. Ukifika Jumapili utakuta maduka ya mjini yamefungwa, nayo ni desturi na sheria. Ya steshini na ya kiwanja huwa wazi, basi nunua mkate na maji hapo. Maji ya bomba hunyweka pia.

Limebaki jambo moja, na sijaona mtu akiwaambia wageni. Kwetu ukifika mtaani wauliza nyumba ya fulani, na mtoto atakupeleka hadi barazani. Huko nyumba moja ina milango ya watu kumi au ishirini, na wa kumwuliza hayupo. Chini, kando ya mlango mkubwa, utaona safu ya vitufe vya kengele, na juu ya kila kitufe limeandikwa jina la ukoo, si namba ya nyumba wala jina la kwanza. Binamu yako unayemjua kwa jina la Mwanasiti, ikiwa ameolewa huko, huenda kengele yake ina jina la mumewe, ambalo hujapata kulisikia. Kwa hiyo swali la mwisho la kumwuliza kwa simu kabla ya kutoka Vanga ni hili: kengele yenu imeandikwaje? Liandike jina hilo herufi kwa herufi, chini ya anwani, katika ile karatasi. Ukifika bonyeza mara moja, ungoje. Mlango utalia kama nyuki aliyefungiwa koponi. Usingoje mtu aje kukufungulia. Usukume wakati uo huo unaolia, kwa bega ikiwa mikono imejaa mizigo, kwa maana ukinyamaza umejifunga tena.